Bastola Iliyokutwa Ukutani

Tumekaa siku nyingi tukiwaza kama inafaa kuiandika habari hii au kuinyamazia, kwa kuwa ni habari ya nyumba yetu wenyewe, na mambo ya nyumbani hayatangazwi sokoni. Walakini baba yetu mkubwa, ambaye habari hii ilimwuma kuliko sisi sote, ametupa ruhusa, akasema, "Iandike, ila iandike yote." Basi twaiandika yote.

Kwetu ni Usambara, katika milima ya Lushoto, na kazi yetu ni ualimu, tuliojifunza katika chuo cha misheni. Nyumba ya wazee wetu ni ya matofali mabichi, naye aliyeijenga ni baba yake babu yetu. Mwaka wa 2021 mvua za masika zilikuwa nyingi, na ukuta wa chumba cha nyuma ukapasuka tangu juu hata chini. Tukakubaliana kuubomoa kabla haujaanguka wenyewe. Hata tulipofika karibu na msingi, sururu ikagonga kitu kilicholia kama debe tupu. Tukachimbua kwa mikono, tukatoa kopo la bati lililoliwa na kutu. Ndani yake mlikuwa na kitambaa cheupe kilichogeuka rangi ya chai kwa mafuta, na ndani ya kitambaa mlikuwa na bastola ndogo, urefu wake kama sentimeta 13, yenye kutosha katika kiganja cha mkono.

Vijana waliokuwa wakitusaidia walirudi nyuma. Baba mkubwa yeye alikuja mbio, mzee kama alivyo, akapiga makofi, akasema, "Ndiyo ile! Ndiyo ile! Mlidhani nasema hadithi!"

Yafaa tueleze kwa nini alifurahi hivyo. Tangu utoto wetu tuliambiwa kwamba baba yake babu alikuwa askari wa Wadachi katika Vita Kuu ya mwaka 1914 hata 1918. Kwamba alimfuata Jenerali von Lettow-Vorbeck tangu Tanga hata Msumbiji, na kutoka huko hata Rhodesia ya Kaskazini. Na kwamba siku ya kuweka silaha chini, afisa mmoja wa Kidachi alimpa bastola yake mwenyewe kwa ajili ya ushujaa. Bastola hiyo hapana mtu katika sisi aliyepata kuiona. Mzee mwenyewe alifariki katika miaka ya 1960, na wanawe walipomwuliza habari zake alikuwa akijibu neno moja tu: "Ililetwa na vita." Basi wakaridhika. Hata leo kijijini watu hawaitaji nyumba yetu kwa jina la ukoo, bali husema "kwa Askari." Mtoto akichelewa njiani huulizwa, "Ulikuwa wapi?" naye hujibu, "Kwa Askari." Jina hilo lilikuwa urithi wetu, na baba mkubwa ndiye mlinzi wake.

Jambo la kwanza tulilofanya ni kutoigusa tena. Tulimwita mwenyekiti wa kitongoji, naye akawapasha habari polisi. Askari polisi aliyekuja alikuwa kijana mwenye adabu na ujuzi. Aliishika kwa uangalifu, akaitoa risasi zilizokuwamo, nazo zilikuwa sita, zimeota kutu ya kijani. Akatuambia, "Mwalimu, kitu hiki kimelala miaka mingi, lakini risasi haizeeki kama mtu. Vema hamkukichezea." Nyumba ile watoto walikuwa wakilala wakiuegemea ukuta ule ule. Kabla hajaichukua tuliomba ruhusa ya kunakili maandishi yaliyochorwa ubavuni mwake na kuipiga picha, naye akatuvumilia. Kisha akatuandikia hati ya kupokea, akaondoka nayo. Kitambaa alituachia.

Basi sisi, kwa tabia ya ualimu, tulitaka kujua asili ya kitu kile. Hatukuwa na shaka yo yote katika habari ya mzee. Tulitaka tu kuongeza juu yake, tupate kuwaambia wanafunzi wetu bastola ilitengenezwa mji gani na mwaka gani. Laiti tungalijua tunafungua mlango gani.

Maandishi ya ubavuni yalisema hivi: Waffenfabrik Walther Zella-Mehlis (Thür.). Maana yake, kiwanda cha silaha cha Walther, katika mji wa Zella-Mehlis, nchi ya Thüringen, iliyo katikati ya Ujerumani. Tena palikuwa na tarakimu 6.35, ndiyo kipimo cha upana wa risasi kwa milimeta. Chini yake palikuwa na alama ndogo sana, tuliyoiona kwa kukuza picha: taji, na chini ya taji herufi N.

Tulianza na jina la kiwanda. Carl Walther alikuwa fundi wa bunduki, naye alifungua karakana yake mwaka wa 1886 katika mji mdogo ulioitwa Zella St. Blasii. Nchi ile ni ya milima na misitu, na watu wake tangu zamani ni wafua chuma. Mwaka wa 1908 kiwanda kikatoa bastola yake ya kwanza ya kujipakia yenyewe, na baada ya hiyo zikafuata nyingine, kila moja kwa namba yake. Carl Walther akafa mwaka wa 1915, na wanawe wakaendelea na kazi.

Hapa ndipo tulipojikwaa. Mji wa Carl Walther uliitwa Zella St. Blasii, lakini bastola yetu ilisema Zella-Mehlis. Tukatafuta sababu, tukaipata, nayo ni nyepesi. Palikuwa na miji miwili iliyokaa ubavu kwa ubavu, Zella na Mehlis. Mwaka wa 1919 miji hiyo iliunganishwa kuwa mji mmoja, ukaitwa kwa majina yote mawili. Kabla ya mwaka ule hapakuwa na mji ulioitwa Zella-Mehlis, wala fundi hakuweza kuchora jina la mji usiokuwako.

Wasomaji, pimeni jambo hili kama tulivyolipima sisi usiku ule. Jenerali von Lettow-Vorbeck aliweka silaha chini Abercorn, mji uitwao sasa Mbala katika nchi ya Zambia, tarehe 25 Novemba 1918. Alikuwa pamoja na Wazungu 155 na askari 1,168, na wapagazi wengi. Bastola yenye jina la mwaka 1919 ingewezaje kutolewa zawadi mwaka wa 1918?

Tulikaa na neno hilo majuma mawili bila kumwambia mtu. Mwisho tukaona kwamba kunyamaza nako ni namna ya uongo, tukaenda kwa baba mkubwa tukamwonyesha. Alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akaomba kuiona picha. Akaitazama sana, akaweka kidole juu ya ile taji. "Mwalimu," akasema, "wewe umesoma kuliko mimi. Nieleze. Hii ni taji au si taji?"

"Ni taji, baba."

"Kaisari wa Wadachi aliondoka lini katika kiti chake?"

"Mwezi wa Novemba, mwaka wa 1918."

"Basi baada ya hapo nani alipiga taji juu ya chuma cha Udachi? Nchi isiyo na mfalme yapiga taji?"

Tulikosa jibu. Twakiri kwamba tulirudi nyumbani na furaha, kwa maana sisi nasi tulitaka mzee wetu awe askari. Lakini hoja yake ilikuwa njema, na hoja njema hustahili kujibiwa kwa kweli, si kwa kupendezwa nayo. Tukaichunguza ile alama.

Ujerumani walikuwa na sheria ya mwaka 1891, iliyoanza kutumika mwaka wa 1893, kwamba kila silaha ya moto ijaribiwe kwanza kabla ya kuuzwa. Ilipelekwa katika nyumba ya serikali ya kujaribia, ikapigwa kwa baruti yenye nguvu kuliko desturi. Ikipasuka, hasara ni ya fundi. Ikistahimili, hupigwa mhuri. Taji yenye herufi N yaonyesha kwamba silaha imejaribiwa kwa baruti ya kisasa isiyotoa moshi mwingi. Basi Kaisari alipoondoka, sheria haikuondoka pamoja naye. Mafundi wa mhuri waliendelea kupiga taji ile ile miaka 20 na zaidi baada ya taji yenyewe kuanguka. Sheria mpya ilitolewa mwaka wa 1939, ikaanza kazi mwaka wa 1940, ndipo taji ikaachwa na mahali pake pakawekwa tai.

Kwa hiyo taji haikuwa shahidi wa Kaisari. Ilikuwa shahidi wa jambo jingine tusilolitafuta: kwamba bastola ilijaribiwa kabla tai hajaingia, yaani kabla ya mwaka 1940. Tena tulipolinganisha umbo lake na picha za bastola za Walther, tukaona kwamba ni ile namba 8, iliyoanza kuuzwa mwaka wa 1920. Baada ya vita, mapatano ya Versailles yaliwabana Wajerumani katika kutengeneza silaha za kijeshi, na viwanda vingi vikageukia bastola ndogo za mfukoni, za kuuzwa kwa raia: wenye maduka, wasafiri, na wakulima waendao nchi za mbali. Chombo chetu kilikuwa cha namna hiyo. Hakikupata kuwa bastola ya afisa katika Vita Kuu ya kwanza. Kilizaliwa kati ya mwaka 1920 na 1940.

Tulipompelekea baba mkubwa jibu hili, hakubishana tena. Alisimama, akatwaa fimbo yake, akasema neno moja: "Basi waseme alikuwa mwizi." Akaenda zake. Jumapili ile hakupita kwetu kama desturi yake, wala Jumapili iliyofuata. Na kweli, maneno yalikwisha kuenea. Vijana waliobomoa ukuta walikuwa wamesikia kidogo, na mtu asikiaye kidogo hujazia mwenyewe. Tulimsikia mtu akicheka kilabuni, "Kwa Askari! Askari gani? Aliiba kwa Mzungu." Ndipo tulipoona kazi yetu ilivyo. Tulikuwa tumemvua mzee nguo ya uaskari, tusimvike nyingine, tukamwacha uchi njiani. Ikawa ni lazima tuendelee, si kwa kutaka elimu, bali kwa kuwa tulikuwa na deni.

Alibaki mtu mmoja tu aliyemjua mzee katika siku hizo, naye ni bibi yetu, binti yake, dada wa babu. Alikuwa amevuka miaka 90, macho yamefifia, lakini akili yake ni kavu kama kuni za kiangazi. Kwa nini hatukumwuliza tangu mwanzo? Twaona haya kujibu. Habari za vita tulidhani ni habari za wanaume, kwa hiyo tuliwauliza wanaume.

Tulimwendea asubuhi, tukamwamkia, "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umekuja kwa habari ya kopo."

Tukashangaa. Akaomba kitambaa. Tukampa, naye hakukitazama, alikipapasa kwa vidole kwenye pembe, mahali palipotariziwa ua dogo kwa uzi wa buluu. Akasema, "Ni cha meza. Vilikuwa kumi na viwili. Mama alikuwa akivifua."

Kisha akatueleza. Ni kweli baba yake alikwenda vitani, lakini hakuwa askari. Alikuwa mpagazi. Alibeba masanduku ya risasi na magunia ya unga, hata alipoanza kuugua akaachwa njiani, akarudi kwao kwa miguu, mwembamba kama ufito. Hakupenda kuisimulia safari ile. Baadaye, Waingereza walipowaruhusu Wajerumani kurudi tangu mwaka wa 1925, walowezi wengine walifungua tena mashamba ya kahawa milimani, naye akapata kazi ya upishi kwa mmoja wao. Ndipo alipojenga nyumba.

"Mwaka ule wa vita vya pili," akasema bibi, "nilikuwa msichana wa kuchunga mbuzi. Polisi walikuja asubuhi wakamchukua yule bwana, kama walivyowachukua Wadachi wengine. Usiku mkewe alikuja jikoni mwenyewe, na taa mkononi. Baba alikuwa akiosha sufuria, nami nimeketi karibu na moto. Akamwambia, 'Mpishi, kaa na kitu hiki mpaka bwana arudi. Wakikiona ndani ya nyumba watamfanyia vibaya.' Akampa kitambaa kilichofungwa. Baba hakukifungua. Naye mama yule akaondoka baada ya siku chache, nao hawakurudi tena, shamba likatwaliwa na serikali."

Tukauliza, "Bibi, kwa nini hakukipeleka serikalini?"

Akanyamaza kidogo. "Kukipeleka ni kumshitaki mtu aliyemwamini. Kukaa nacho ni kufungwa yeye. Kukiuza ni wizi. Basi ungefanya nini, mwalimu? Akakijengea ukuta. Sisi tulipomwuliza alisema, 'Ililetwa na vita.' Hakusema uongo. Ninyi hamkuuliza ni vita gani."

Wasomaji wapenzi, tangu siku ile tumeyarudia maneno hayo mara nyingi. Mzee hakusema uongo hata mara moja. Alisema kweli fupi, na watoto wake wakairefusha kwa matakwa yao. Walitaka baba askari. Na katika siku zile, nani alitaka baba mpagazi? Askari alikuwa na sare na jina. Mpagazi alikuwa na mzigo tu. Na hata hivyo jeshi lile, la Wajerumani na la Waingereza pia, lilikwenda kwa vichwa na mabega ya wapagazi, nao wakafa kwa maelfu na maelfu, kwa njaa na maradhi kuliko kwa risasi. Kila mtu aendaye Dar es Salaam hutaja Kariakoo bila kukumbuka kwamba jina lile limetokana na kikosi cha wapagazi kilichokuwa na kambi pale. Sanamu ya Askari iliyosimamishwa mjini mle mwaka wa 1927 ina umbo la askari peke yake, ingawa maandishi yake yawakumbuka wapagazi nao. Basi hata katika shaba mpagazi hakupata umbo.

Mashahidi wetu sasa walikuwa wawili, wala hawakuwa wamesikizana. Chuma kilisema: nimezaliwa baada ya mwaka 1919, na kabla ya mwaka 1940. Bibi, asiyejua kusoma maandishi yale wala hakupata kusikia habari za Zella-Mehlis, alisema: kililetwa mwaka wa 1939. Na kitambaa cha meza, chenye ua la buluu, kilisema kwamba kilitoka nyumbani mwa mtu, si kambini mwa askari. Mambo matatu haya yalipokubaliana, tuliona tumefika.

Tukaenda kwa baba mkubwa kwa mara ya tatu. Hatukwenda na picha wala vitabu. Tulimchukua bibi kwa pikipiki, tukamketisha barazani pake, naye akamweleza mwenyewe, shangazi kwa mwana wa ndugu yake. Baba mkubwa alisikiliza ameinamisha kichwa. Alipomaliza, akauliza, "Hata siku moja hakukifungua?"

"Hakukifungua," akasema bibi. "Alijua ni nini kwa uzito wake."

Baba mkubwa akakaa kimya, muda wa kutosha kunywa kikombe cha chai. Kisha akasema, "Miaka zaidi ya 20 alilala karibu na ukuta ule akiogopa kila sauti ya gari." Wala hakusema neno jingine siku ile. Lakini Jumapili iliyofuata alikuja kwetu kama desturi yake ya zamani, akakaa katika kiti chake, akaagiza uji. Mtu mmoja mpita njia akamwamkia, "Hapa ndipo kwa Askari?" Akamjibu, "Hapa ndipo kwa Mpishi. Karibu."

Sasa ukuta umejengwa upya, wa matofali ya kuchoma. Bastola ipo mikononi mwa serikali, mahali panapoifaa. Kitambaa tumekifua, hakikutakata sana, nacho kimetiwa katika fremu, kikatundikwa karibu na mlango. Wanafunzi wetu wajapo kutembea huuliza ni kitu gani, nasi huwaeleza habari hii, pamoja na habari ya miji miwili iliyounganishwa na taji iliyoendelea kupigwa baada ya mfalme kwenda zake.

Nasi tumejifunza mambo mawili, ambayo twawaachia ninyi. La kwanza, mtu akikuta kitu cha kale asikitungie habari kabla ya kukisoma. Herufi moja ndogo yaweza kupindua hadithi ya miaka 100. Na akisha kukisoma, asiishie hapo, kwa maana chuma chajua kilizaliwa lini, lakini hakijui kilitolewa kwa moyo gani. Jambo hilo hujulikana kwa mtu tu. La pili, katika kila nyumba yuko mzee mmoja asiyeulizwa. Mwulizeni mapema. Bibi yetu alifariki mwaka uliofuata, katika miezi ya baridi. Kama ukuta ungalisimama masika mbili tu zaidi, mzee wetu angalibaki mwizi.